Jani Lililokosa Pacha

Kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa jina la kaka yake. Kilikuwa ukingo wa jani moja la karatasi, jani la mwezi uliopita ambalo hakuna mtu kituoni aliyekuwa na haja nalo tena, limetokeza nje ya wenzake kwa unene wa ukucha. Askari wa mapokezi alikuwa akifunua kitabu cha mahabusu harakaharaka, kidole kimelowa mate, na jani lile likapita mbele ya macho ya dada mtu kama mtoto aliyechomoza kichwa nje ya mstari wa shule.

"Haya, tazameni wenyewe," askari akasema, akakigeuza kitabu kiwaelekee. "Fundi bomba. Ameingia leo Jumatano, saa mbili asubuhi. Nyinyi mnaniambia Jumatatu. Jumatatu gani?"

"Jumatatu hii iliyotangulia jana," Shangazi akasema. "Au kwenu huku ilirukwa?"

"Mama, punguza mdomo."

"Ungekuwa wa kupunguzwa, mwanangu, waume watatu wangeshaupunguza."

Askari mwingine aliyekuwa amekaa nyuma akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini. Wakaonyeshwa mlango. Shangazi alitoka huku anasema, na mpwa wake akatoka nyuma yake hasemi kitu, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Karakanani walimwita Bi Kimya. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo maneno yake alikuwa akiyatoa mojamoja, kama mtu anayechagua mchele.

Lakini kichwani mwake jani lile lilikuwa bado limetokeza.

Kitabu kile alikijua. Karakana ya Shangazi ilishona vitabu vya ofisi: madaftari ya mahudhurio ya shule, vitabu vya wagonjwa vya zahanati, na kitabu kile cha kituo cha polisi, chenye jalada gumu jeusi na mgongo wa kitambaa cha bluu. Alikishona kwa mikono yake mwenyewe, fungu kwa fungu, akiwa na mafua, akipiga chafya kila baada ya mishono mitatu.

Na jina la kaka yake aliliona likiandikwa. Jumatatu ile, mchana, mtu alikuja mbio karakanani kusema fundi bomba amekamatwa pale zahanati, kwamba pampu ya maji imepotea, na yeye ndiye fundi wa mwisho kuonekana na spana mahali pale. Bi Kimya aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Alipofika kituoni saa nane ilikuwa imegonga, na askari huyuhuyu alikuwa ameinama anaandika, juu kabisa ya ukurasa wa kulia. Kaka yake alikuwa amesimama bila viatu. Alipomwona dada yake alisema, "Mwambie Shangazi asije akaniletea chakula alichopika yeye, mateso haya yanatosha." Kisha akapelekwa ndani.

Jumanne wakaambiwa hayupo. Wafagiaji wa zahanati waliomwona akipakiwa garini wakasema wao walikuwa wanapiga deki, na mtu anayepiga deki hutazama chini. Jumatano mchana mchuuzi mmoja wa nguo, aliyekuwa ametolewa mahabusu muda si mrefu, aliwaambia langoni kwamba fundi bomba yuko ndani tangu juzi, halali, na kila saa anawekewa mbele karatasi atie sahihi kwamba pampu aliiba yeye. Mpaka wakati ule alikuwa hajatia. "Lakini mtu asipolala," mchuuzi akasema, "hata jina la mama yake huliuza." Akaenda zake upesi bila kugeuka nyuma.

Na palikuwa na jambo jingine, ambalo Bi Kimya alilificha chini ya ulimi. Jumapili jioni kaka yake alirudi nyumbani na gunia. Alilitua nyuma ya mlango, likatoa mlio wa chuma, akasema, "Msiliguse hili," akaenda kuoga. Tangu Jumatatu Bi Kimya alikuwa akipita kando ya gunia lile kama mtu anayepita kando ya mbwa asiyemjua.

Waliporudi karakanani Shangazi alivua viatu, akavitupa, akaanza kuwasema askari, vizazi vyao na waliowafundisha kuandika. Bi Kimya alichukua karatasi kubwa moja kutoka kwenye rundo. Akaikunja katikati, akaiweka juu ya meza.

"Shangazi."

"Nini?"

"Hii ni majani mangapi?"

"Mawili. Umeanza lini kuniuliza maswali ya wanafunzi?"

Bi Kimya akaichana karatasi pale kwenye mkunjo, akalitoa jani moja. La pili likabaki peke yake, halina kinacholishika. Akalipaka gundi kidogo ukingoni, akalibandika ndani ya kitabu kilichokuwa mezani, akakifunga. Jani likatokeza kwa unene wa ukucha.

Shangazi akanyamaza. Ilikuwa ajabu kumwona.

"Kule kituoni?" akauliza baadaye, kwa sauti ndogo.

Bi Kimya akatikisa kichwa kukubali.

Kila fundi wa vitabu analijua jambo hili, na mtu mwingine yeyote hana sababu ya kulijua. Majani ya kitabu cha kushona huzaliwa mapacha. Karatasi moja hukunjwa katikati, nusu yake ikawa jani la mbele ya fungu, nusu nyingine jani la nyuma, na uzi hupita kwenye mkunjo. Ukilichomoa la nyuma, pacha wake wa mbele hulegea, hata kama kati yao mna mwezi mzima wa maandishi. Aliyelinyofoa jani la Jumatatu alidhani ameondoa jani moja. Jani la mwezi uliopita lilipomwangukia miguuni, akatafuta gundi.

"Lakini kwa nini?" Shangazi akasema. "Wamemkamata, wamemkamata. Jumatatu au Jumatano wanapata faida gani?"

Kwa hilo Bi Kimya alikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa nusu.

Wiki tatu nzima karakana ilikuwa na kazi ya kijitabu cha katiba. Maktaba kuu ilikuwa imeagiza nakala elfu mbili, zenye maneno mepesi, za kugawiwa wananchi. Kazi ya Bi Kimya ilikuwa kukunja fungu la tatu. Na mtu anayekunja fungu hasomi kitabu. Husoma ukurasa ule unaobaki juu baada ya kukunja, uleule, mara elfu mbili. Ukurasa wa juu wa fungu la tatu ulikuwa wa haki za mtu aliyekamatwa, na yeye, aliyekuwa akisoma polepole huku midomo ikitembea, aliujua kama anavyokijua kiganja chake. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Asilazimishwe kukiri. Ahesabiwe hana hatia mpaka mahakama iseme vingine. Na mstari wa mwisho kabisa, chini: *Atafikishwa mbele ya mahakama ndani ya saa arobaini na nane, isipokuwa*

Hapo ukurasa uliishia. Sentensi iliendelea upande wa ndani, mahali ambapo mikono yake ilipita mara elfu mbili na macho yake hayakupita hata mara moja.

Akamsomea Shangazi mpaka kwenye neno lile. Shangazi akahesabu kwa vidole. Kutoka Jumatatu saa nane mpaka Jumatano saa nane, saa arobaini na nane. Walikuwa wametoka kituoni saa tisa.

"Muda umekwisha," Shangazi akasema. "Lakini kwa kitabu chao, ndiyo kwanza unaanza. Wamejiongezea siku mbili za kumchosha." Kisha akasema, "Isipokuwa nini?"

Wote wawili wakalitazama fungu lililolala mezani. Bi Kimya aliogopa kulifungua. Maishani mwake neno *isipokuwa* lilikuwa halijawahi kumletea heri. Watoto wote wataendelea na shule, isipokuwa. Alipachika ukucha kwenye mkunjo, akafunua, akasoma midomo ikitembea.

"*Isipokuwa saa hizo zikiishia siku ya mapumziko, hapo atafikishwa siku ya kazi inayofuata.*"

"Jumatano ni siku ya mapumziko?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi hakuna kingine. Nukta."

Shangazi akaketi juu ya rundo la karatasi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la nguo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hewa kuingia vizuri kifuani mwa Bi Kimya. Akaendelea kufunua. Ndani kulikuwa na mambo mengine ambayo alikuwa ameyakunja bila kuyaona: kwamba mtu yeyote, si lazima wakili, anaweza kuiandikia mahakama kwa ajili ya mtu aliyefungiwa, nayo mahakama itaamuru aletwe.

"Na hawa mahakama si ndio haohao?" Shangazi akauliza. "Serikali si ni moja?"

Bi Kimya alikumbuka mchoro wa kwenye jalada. "Bunge linatunga sheria. Serikali inatekeleza. Mahakama inaamua. Kila mmoja na wake."

"Kama jikoni," Shangazi akasema. "Mmoja anapika, mmoja anapakua, wa tatu anaonja chumvi. Akifanya yote mtu mmoja, wengine mtalala na njaa. Haya, mwandikie huyo muonja chumvi."

Barua ilikuwa na mistari saba. Aliiandika kwa herufi za kuchapa, kubwa, akaifuta mara mbili.

Alhamisi saa mbili unusu walikuwa mbele ya dirisha la masjala ya mahakama. Karani alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mihuri minne iliyopangwa kwa kimo, kama familia inayopigwa picha. Shangazi akauliza kama barua ya penseli inapokelewa.

"Mama, hapa tumepokea hata iliyoandikwa kwa makaa," karani akasema. Aliisoma. Alipofika mstari wa tano aliinua macho akamtazama Bi Kimya. "Hili la kitabu, una hakika nalo?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Kutikisa kichwa hakuingii kwenye kumbukumbu, dada. Huko ndani utasema kwa mdomo."

Karani alikuwa amekwisha kunyanyua muhuri ule mrefu kuliko yote, akaushusha juu ya barua, *pwa*, na Bi Kimya akaona kwamba mistari yake saba sasa ilikuwa na tarehe.

Saa tano hakimu akaamuru: mtu aletwe, na kitabu kiletwe. Saa nane vikaletwa vyote viwili.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na dirisha moja halifungiki. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, mwenye mafua. Bi Kimya alipomsikia anapiga chafya, woga ulimpungua kidogo. Kaka yake aliingizwa na askari wawili. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa akiyumba kama mtu aliyeshuka chomboni, lakini alisimama. Vidole vyake havikuwa na alama ya wino wa kutia dole kwenye karatasi ile. Dada yake aliviangalia kwanza hivyo.

Askari wa mapokezi alieleza kwamba mshukiwa aliingia Jumatano asubuhi, na kitabu hakisemi uongo.

"Ni kweli," hakimu akasema, akifunua kurasa. "Ila kina mwandiko mzuri sana. Jumatatu usiku, Jumanne mchana, Jumatano alfajiri, mwandiko mmoja, kalamu moja. Hamna zamu kwenu, afande?"

"Tuna upungufu wa watu, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Hakimu akaishika barua yenye muhuri. "Mleta maombi anasema kitabu hiki alikishona yeye. Yuko wapi?"

Shangazi alifungua mdomo. Kisha, mbele ya macho ya watu, akaufunika kwa kiganja chake mwenyewe, akampiga mpwa wake kisigino kwenye mguu.

Bi Kimya akasimama. Hakimu hakumharakisha. Alipenga kamasi, akakunja leso, akangoja.

"Nikishike," Bi Kimya akasema. "Nikikishika nitaweza kusema."

Akapewa kitabu. Uzito wake ulikuwa uleule. Akakilaza mezani kwa hakimu, akakifungua nyuma kabisa, akaonyesha ndani ya jalada maandishi madogo ya penseli ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyaona, kwa sababu nani husoma ndani ya jalada la nyuma? *96.*

"Shangazi huandika idadi ya majani. Mafungu sita. Kila fungu majani kumi na sita." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila mikono yake ilikuwa kazini, na mikono yake haikujua aibu. Akalihesabu fungu la kwanza, kidole gumba kikiruka kwenye kona. Kumi na sita. La pili, kumi na sita. Fungu la tatu akalihesabu polepole zaidi ili hakimu aone.

"Kumi na tano."

"Labda mlikosea kushona," askari akasema.

"Haiwezekani, afande." Hakuamini kwamba amesema hivyo, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na la pili likalifuata. "Karatasi ikikunjwa hutoa mawili. Fungu haliwezi kuwa na witiri. Nikikosea, nitakosea kwa mawili." Akalifunua jani lililotokeza, akalivuta kidogo. Gundi ikaachia kama gamba la kidonda kilichokauka. "Hili halikushikwa na uzi. Sisi ndani hatutii gundi. Pacha wake alikuwa hapa," akaweka kidole kati ya Jumapili na huo ukurasa wa mwandiko mzuri, ambapo kwenye mkunjo palibaki nyuzinyuzi nyeupe za karatasi. "Juu kabisa, upande wa kulia, paliandikwa jina la kaka yangu. Jumatatu saa nane mchana. Nilikuwepo."

Hakimu akavua miwani, akaangalia zile nyuzinyuzi kwa jicho tupu. Kisha akamwangalia askari, naye askari akawa anaangalia dirisha lisilofungwa.

"Afande, jani liko wapi?"

Askari akavua kofia, akaivaa tena.

Hakimu aliandika kwa muda. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mahakama haikuitwa leo kuamua nani alichukua pampu. Haisemi fundi bomba aliiba, wala haisemi hakuiba. Inasema kwamba hata mwizi ana saa arobaini na nane, na kwamba saa hizo si mali ya polisi hata wazigawe watakavyo. Mtu huyu aachiwe sasa hivi. Kitabu kitabaki hapa. Mkuu wa kituo aeleze kwa maandishi lilikokwenda jani. Na kama polisi wana ushahidi juu ya pampu, waulete mchana, kwa mlango wa mbele.

"Kama wengine wote," akamalizia, akapiga chafya.

Nje, nyuma ya jengo, palikuwa na bomba la maji. Kaka yake akalifungua, akatia kichwa chini yake, akakaa hivyo hivyo maji yakimshuka shingoni. Shangazi alikuwa akimfuta mgongo kwa kitambaa chake na kumtukana kwa mapenzi, kwamba amekonda, kwamba ananuka kama soksi ya marehemu, kwamba akirudia kukamatwa ataiachia serikali imlee. Bi Kimya alikaa kwenye ngazi. Alijikuta anatabasamu mwenyewe bila mtu wa kumtabasamia. Katika siku tatu hakuwa amegundua jinsi mabega yake yalivyokuwa yamepanda. Sasa yalishuka yenyewe, polepole.

"Bomba hili linavuja kwenye kiungo," kaka akasema akiinuka, maji yakimdondoka puani.

"Liguse uone," Shangazi akasema. "Likipotea tutaanza upya."

Wakacheka watatu, kicheko cha watu waliochoka. Karani alichungulia dirishani mwa masjala, akainua kidole gumba, akarudi kwa mihuri yake. Shangazi akamfuata kumshukuru, na kwa kuwa alikuwa Shangazi, ilijulikana hatarudi upesi.

Kaka akaketi kando ya dada yake. Baada ya kitambo akakumbuka kitu.

"Lile gunia lipo?"

"Lipo."

"Afadhali. Jiliwa ya fundi seremala ile, ya kubania vitu, niliiazima nikunje vyuma vya fremu. Nilitaka nikutengenezee fremu mpya ya kushonea, ile yako imepinda. Ndiyo maana nikasema msiliguse." Akapangusa uso. "Sasa umejua, utamu wenyewe umekwisha."

Bi Kimya akatazama mikono yake. Kwenye kidole gumba palikuwa na chembe ya gundi ya watu wengine.

"Unajua kilichonisimamisha mle ndani?" kaka akasema. "Wanaleta ile karatasi, wanasema hata ndugu zako wanajua ni wewe. Mimi nasema moyoni, Shangazi labda, yule hata kivuli chake hukishuku. Lakini dada yangu hapana. Yule hawezi kunishuku hata dakika moja. Nikashikilia hapo."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kunyamaza, na jambo lenyewe lingezikwa pale pale, hakuna wa kulifukua. Lakini siku ile alikuwa amekwisha sema mengi, na aliona kwamba neno likitoka haliui.

"Nilikushuku, kaka," akasema. "Jumatatu yote, na Jumanne. Gunia sikulifungua kwa kuogopa nitaiona pampu. Nilipoliona lile jani, nilikuwa bado nadhani ni wewe. Nikasema, hata kama ni yeye, wampeleke mbele ya hakimu."